Kati ya Yakini na Shaka: Niliyojifunza kwa Kuusubiri Mwezi Mwandamo

Kila ifikapo tarehe 29 ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, wanafunzi wangu huniuliza swali moja, na huniuliza mimi kwa sababu nafundisha fizikia: "Mwalimu, kesho tunafunga au hatufungi?" Wanaamini kwamba mtu anayejua kukokotoa mwendo wa mwezi hana haja ya kusubiri tangazo la mtu yeyote. Swali hilo limenifikirisha kuliko mengi niliyokutana nayo chuo kikuu, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo wanafalsafa wa sayansi na maulamaa wa fiqhi, yaani sheria ya dini, wamelihangaikia kwa karne nyingi: mtu afanye nini anapotakiwa kuamua leo hii ilhali ujuzi alionao haujakamilika? Mimi nimelelewa Pemba, nikasomeshwa fiqhi ya Kishafii kabla sijajua kanuni hata moja ya Newton, kisha nikahamia Unguja kufundisha shule ya sekondari, na huko nikawa nafuatana na wazee wanaotoka kuutazama mwezi. Niliyojifunza katika matembezi hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu naona vijana wengi wanafundishwa kwamba sayansi ni mahali pa uhakika na dini ni mahali pa kubahatisha, na wengine wanafundishwa kinyume chake, na pande zote mbili zinawanyima kitu cha thamani.

Kuna mambo ambayo elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, inayajua bila kutetereka. Kutoka mkutano mmoja wa mwezi na jua, yaani pale mwezi unapopita upande uleule wa jua, hadi mkutano unaofuata hupita wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na wakati wa kila mkutano unaweza kutajwa miaka mingi kabla haujafika. Tarehe 1 Septemba 2016 Watanzania walilishuhudia hilo kwa macho. Watu walisafiri hadi Rujewa, wilayani Mbarali katika mkoa wa Mbeya, kwa sababu wataalamu walikwisha kusema kwamba hapo jua litapatwa na kubaki pete, na pete ikaonekana wakati uleule uliotajwa, ikadumu takriban dakika tatu. Huku kwetu visiwani jua lilifunikwa sehemu yake kubwa, na ikasaliwa sala ya kupatwa kwa jua kama sunna ilivyo. Sikuona mgongano wowote kati ya hesabu iliyotangulia na sala iliyofuata. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuonya kwamba mtu anayedhani ni wajibu wa dini kuzipinga hesabu za kupatwa kwa jua anaidhuru dini yenyewe, maana hesabu hizo zimejengwa juu ya hoja za jometri ambazo mwenye kuzielewa hawezi kuzitilia shaka.

Kuandama kwa mwezi, hata hivyo, ni suala la namna nyingine, na hapa ndipo wanafunzi wangu huteleza. Hesabu inaweza kuniambia kwa usahihi mkubwa mwezi utakuwa wapi jua litakapotua, lakini haiwezi kuniambia kwa usahihi huohuo kama jicho la binadamu litauona. Pwani ya magharibi ya Unguja ni mahali pazuri pa kazi hii kwa sababu jua huzama baharini, upande wa Bara, na hakuna kilima kinachoziba. Mkisimama Mangapwani muda wa magharibi mnaona jinsi mambo yanavyokwenda: jua linapozama, mbingu bado ni nyeupe mno kiasi kwamba uzi mwembamba wa mwezi unamezwa na mwanga, inabidi kiza kianze kuingia ndipo uonekane, lakini wakati kiza kinaingia mwezi wenyewe nao unateremka, na kadiri unavyokaribia maji ndivyo mwanga wake unavyopita katika hewa nzito zaidi, yenye unyevunyevu, moshi na chumvi. Kati ya mambo hayo mawili upo muda mfupi tu ambao mwezi unaweza kuonekana, na baadhi ya siku muda huo haupo kabisa. Wingu jembamba lililolala juu ya Bara, ambalo mchana hakuna aliyelijali, linatosha kuharibu kila kitu.

Wanafalaki walioshughulikia suala hili wamelikubali hilo waziwazi. Katika miaka ya 1930 Mfaransa André Danjon alihitimisha kwamba mwezi ukiwa karibu mno na jua, chini ya nyuzi 7 hivi, hakuna uzi wa mwanga wa kuonekana. Mwaka 1997 Mwingereza Bernard Yallop alichambua taarifa 295 za watu waliojaribu kuuona mwezi, waliofanikiwa na walioshindwa, akazigawa jioni za kuandama katika madaraja sita, kutoka jioni ambayo mwezi utaonekana kwa urahisi hadi jioni ambayo hata darubini haitamsaidia mtu. Ninayoyapenda zaidi ni madaraja ya katikati. Moja linasema mwezi utaonekana ikiwa hewa ni safi kabisa. Jingine linasema huenda ikahitajika darubini ya kuutafutia kwanza, ndipo jicho tupu lione. Jedwali hilo halisemi "ndiyo" wala "hapana" pale ambapo ushahidi hauruhusu, linasema "huenda" yenye mipaka inayojulikana. Nawaambia wanafunzi kwamba "huenda" ya namna hiyo imegharimu kazi kubwa, na kwamba kipimo kisichotaja kiasi cha kosa lake hakijakamilika, hata kama kimeandikwa na profesa.

Sasa nigeukie upande wa mashekhe, ambao naona hautazamwi kwa makini unaostahili. Jioni moja ambayo jedwali lilikuwa limeiweka katika daraja la "hewa ikiwa safi kabisa", sisi tuliokuwa pwani hatukuona kitu, lakini baada ya sala ya magharibi akaja kijana mvuvi akamwamkia shekhe, akasema ameuona akiwa ndani ya ngalawa. Shekhe alimkaribisha akae, akamuuliza kwa upole: "Umeuona upande gani, mwanangu?" Kijana akajibu kuwa ulikuwa kushoto kwa mahali jua lilipozama. "Juu kiasi gani?" Kijana akanyoosha mkono wote, akalaza vidole vitatu mbele ya jicho lake, akasema, "Hivi, shekhe, juu ya maji." "Na pembe zake?" "Zimeelekea juu, zimelalia kushoto kidogo." Shekhe akaendelea kumuuliza umekaa muda gani, alikuwa na nani, na kama aliutazama tena baada ya kupepesa macho.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikiyapima majibu hayo kwa jometri, na yote yalipatana. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta mwezi mchanga hulala chali, pembe zake zikiwa juu, tofauti na ile picha ya mwezi uliosimama wima ambayo watu wameizoea katika bendera na katika kadi za Idi. Na kwa kuwa pembe siku zote hulipa jua mgongo, mwezi ulio kushoto kwa jua lazima pembe zake zilalie kushoto. Mtu anayebuni, au aliyeona kipande cha wingu akakipa umbo analolitarajia, aghalabu hukosea hapo. Shekhe hakuwahi kusoma jometri ya duara la mbingu, lakini alirithi maswali ambayo yamechujwa na vizazi vya watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuutenganisha ushuhuda wa kweli na ule uliopotoka, na hiyo kwangu ni sayansi kwa kila kipimo ninachokijua. Ushahidi wa kijana yule ulikubaliwa, kwa sababu katika madhehebu ya Shafii mwandamo wa Ramadhani huthibiti kwa shahidi mmoja mwadilifu, ilhali wa Shawwali, mwezi wa Idi, unahitaji wawili.

Mwaka mwingine aliletwa mtu mzima, anayeheshimika mtaani, akaapa kwamba ameuona jioni ambayo kwa hesabu mwezi ulikuwa umezama kabla ya jua. Shekhe aliukataa ushahidi wake bila kumvunjia heshima. Alisema kwamba mtu huyo hakusema uongo, kuna kitu amekiona, na kitu hicho si mwezi. Kisha akatusimulia kisa maarufu cha sahaba Anas bin Malik, aliyekuwa mzee sana alipokuwa na watu wakiutafuta mwezi, akasema anauona pale, na hakuna mwingine aliyeuona, Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi wa Basra, akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake, akaupangusa na kuuweka sawa, akamwomba atazame tena, na sahaba yule akasema, "Siuoni." Hakuna aliyemtuhumu Anas kwa lolote. Ukweli wa msemaji na usahihi wa anachokisema vilipimwa kila kimoja peke yake, na adabu ikabaki pale pale.

Kuukataa ushahidi kwa sababu ya hesabu kuna historia yake, na historia hiyo imenifunza mengi kuhusu jinsi wanavyuoni walivyoipima shaka. Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyekuwa kadhi mkuu wa Damascus na aliyefariki mwaka 1355, alishika kwamba hesabu ikionyesha kuwa kuonekana kwa mwezi hakuwezekani, ushahidi wa aliyedai kuuona haukubaliwi, kwa sababu hesabu ni jambo la kukata na ushahidi ni dhana, na dhana haiwezi kuushinda uhakika. Wapo Mashafii waliompinga, na mjadala haujafungwa hadi leo. Lakini tazama namna ya kufikiri iliyomo. Fiqhi inayo ngazi za ujuzi: yakini, kisha dhana yenye nguvu, kisha shaka ambayo pande zake mbili zinalingana, kisha wahamu ambayo ni ule upande dhaifu. Matendo mengi ya ibada na ya mahakamani yamesimamishwa juu ya dhana yenye nguvu, wala hakuna aliyeona aibu kukiri hilo. Yanayotakiwa yakini ni machache na yanajulikana. Nilipokuwa mwanafunzi nilishangaa kuona kwamba ngazi hizo nilizokaririshwa utotoni zilikuwa zimenitayarisha kwa somo la takwimu kuliko kitu kingine chochote.

Mwenzangu anayefundisha hisabati, Mlutheri kutoka Iringa, ndiye aliyenisaidia kuliona hilo kwa upana. Tulikuwa tunazungumza juu ya kanuni ya Bayes, ile inayoeleza jinsi ushahidi mpya unavyopaswa kubadilisha kiasi cha imani tuliyokuwa nayo kabla, naye akanikumbusha kwamba Thomas Bayes alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, na kwamba aliyeichapisha kazi yake mwaka 1763, baada ya kifo chake, ni Richard Price, mchungaji mwingine. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, jambo ambalo tangu awali lina uwezekano wa sifuri halinyanyuliwi na ushahidi wowote, hata ukitolewa na mtu mkweli kiasi gani. Lenye uwezekano wa wastani hunyanyuliwa sana na shahidi mmoja mzuri. Hivyo ndivyo mvuvi alivyokubaliwa na mzee anayeheshimika akakataliwa. Mwenzangu aliongeza kwa maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, "wakati huu nafahamu kwa sehemu," akasema kwamba yeye hayasomi maneno hayo kama malalamiko, huyasoma kama maelezo sahihi ya hali ya mwanadamu. Nilikubaliana naye, na nakubaliana naye bado.

Kipo kipengele kimoja cha fiqhi ambacho kila nikikisoma hunivutia upya. Mtu akinuia usiku wa kuamkia tarehe 30 Shaabani kwamba atafunga kesho ikiwa itakuwa ni Ramadhani, bila kutegemea habari ya mtu anayeaminika, nia yake haisihi katika madhehebu yetu, hata ikija kudhihiri kuwa kweli siku ile ilikuwa Ramadhani. Lakini mtu huyohuyo akinuia maneno hayohayo usiku wa kuamkia tarehe 30 Ramadhani, nia yake inasihi. Kiasi cha kutojua ni kilekile katika usiku wote wawili, kwa kuwa hajui kama mwezi umeandama. Kilichotofautiana ni asili: usiku wa kwanza asili ni kwamba Shaabani inaendelea, na usiku wa pili asili ni kwamba Ramadhani inaendelea, na kanuni inasema yakini haiondolewi na shaka. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha haumwangukii kila mtu kwa usawa. Unamwangukia anayedai kwamba hali imebadilika. Katika sayansi tunafanya vivyo hivyo tunapomtaka anayedai kuwa dawa mpya inaponya athibitishe hilo, na tunapoanza kila jaribio kwa kuchukulia kwamba haina athari mpaka ushahidi utulazimishe kusema vingine.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha yote. Kutojua kunazaa maswali mawili tofauti, la kwanza ni niamini nini, na la pili ni nifanye nini, na mtu anayeyachanganya hataelewa sayansi wala dini. Sayansi kwa sehemu kubwa inaweza kuliacha swali la kwanza wazi. Mtafiti anaweza kuandika kwamba takwimu hazitoshi, akarudi mwaka ujao, na hakuna anayemlaumu. Anayetaka kufunga hana nafasi hiyo, kwa kuwa alfajiri itafika iwe amejua au hajajua. Ndiyo maana Mtume (rehema na amani zimshukie) alitoa amri ambayo, nikiitazama kwa jicho la mwalimu wa fizikia, naiona imetimia kila upande: fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, na mkifunikwa na mawingu kamilisheni siku thelathini za Shaabani. Thelathini ile haidai kwamba mwezi haukuandama. Inawezekana uliandama nyuma ya wingu, na kila mtu anajua hivyo. Ni kanuni ya kutenda inayokubali kwamba ujuzi umekosekana, na inampa mtu njia ya kutii bila kujidanganya kwamba anajua. Hadithi nyingine inasema saumu ni siku mnayofunga na fitri ni siku mnayofungua, na wanavyuoni wameifahamu kuwa jamaa wakijitahidi wakakosea, ibada yao haiharibiki. Daktari anayemtibu mgonjwa kabla majibu ya maabara hayajarudi, na mhandisi anayeongeza uzito wa nguzo kwa sababu hajui upepo wa miaka hamsini ijayo, nao wanaishi ndani ya swali hilo la pili.

Sitaki kusema kwamba mambo yote ya dini yako hivi. Wanavyuoni wa itikadi wanatofautisha matawi na misingi, na kumwamini Mungu hakukuwekwa kwenye ngazi ya dhana. Lakini hata huko, kutafuta uthabiti zaidi hakukuhesabiwa kuwa ukafiri. Nabii Ibrahimu alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, akaulizwa kama haamini, akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie, naye akaonyeshwa. Al-Ghazali mwenyewe alipita katika kipindi cha shaka kali hata akatilia shaka macho yake, akitoa mfano wa nyota ambayo jicho huiona ndogo kama dinari ilhali hoja za jometri zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kijana anayeniletea shaka zake baada ya kipindi mimi humweleza hayo kwanza, kabla ya hoja yoyote, ili ajue kwamba njia anayopita imepitwa na watu wakubwa.

Kwa yote niliyosema, mtu anaweza kutarajia kwamba darubini na kompyuta zitamaliza mgawanyiko tunaouona kila mwaka, nyumba moja ikifunga na ya jirani ikingoja, hawa wakifuata mwezi wa kitaifa na wale wakifuata mwezi wa kimataifa. Sidhani. Zamani za masahaba, Kuraybu alipotoka Sham (eneo la Syria) akamweleza sahaba Ibn Abbas kwamba huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa, Ibn Abbas alimjibu kuwa wao Madina wameuona usiku wa Jumamosi na wataendelea na hesabu yao. Hakumkadhibisha. Pande zote mbili zilikuwa na habari kamili, na bado kulibaki swali la kanuni: je, kuonekana kwa mwezi mahali pamoja kunawalazimu watu wa mahali pengine? Hilo haliamuliwi na kipimo chochote, kwa hiyo jirani anayekhitilafiana nami katika hilo si mjinga wa falaki wala si mpungufu wa dini, na inaniuma kusikia watu wakiambiana hivyo katika mwezi ambao walipaswa kuchunga ndimi zao.

Kuna suala moja ambalo mimi na shekhe hatujakubaliana. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault alipiga picha ya hilali, yaani mwezi mwandamo, mchana kweupe, kwa darubini na kamera inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, katika dakika ileile ya mkutano wa mwezi na jua, umbali kati yao ukiwa nyuzi 4 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba kwa chombo cha kutosha kunaweza kusiwe na wakati ambao mwezi hauonekani. Shekhe anashika kwamba kuona kulikotajwa ni kwa jicho, baada ya jua kutua, na kwamba hesabu itumike kukataa ushahidi usiowezekana, isitumike kuuthibitisha mwezi usioonwa na mtu. Mimi naelekea kwamba kamera ikiwekwa pwani baada ya magharibi, ikaonyesha mwezi uliozibwa na ukungu mwembamba, kuna hoja ya kuihesabu pamoja na miwani na darubini ambazo baadhi ya wanavyuoni wamezikubali. Yeye hunijibu kwamba nikifungua mlango huo lazima niseme utafungwa wapi, na mpaka sasa sijampa jibu linaloniridhisha mimi mwenyewe.